Tunu Hajaolewa, Maana Mjomba Hakuitwa

Jumapili, Lisekese. Jua limechelewa kutoka, kale kaubaridi ka asubuhi kamegoma kuondoka mpaka jioni hii, na chai yangu imekauka jikoni nikiwa nimesimama pembeni yake na simu mkononi. Sijali. Leo hata ningeunguza sufuria lenyewe nisingejali.

Tunu yuko hai!

Ngoja nianze vizuri, maana wapo watakaopita hapa wakadhani nimejaliwa mtoto, au nina mgonjwa ametoka wodini. Tunu ni mtu wa redioni. Alikuwa kwenye mchezo wa redio ulioitwa Nyumba ya Mzee Sengo, tuliokuwa tukiusikiliza jioni, mpaka ukaisha ghafla na nafasi yake ikachukuliwa na kipindi cha muziki. Kipande cha mwisho kilikuwa hivi: Mzee Sengo, babake Tunu, amekubali posa ya Gimbi, mwenye malori, mwanaume anayezungumza huku anacheka peke yake. Tunu anampenda Kassim, fundi redio. Tunu analia chumbani. Nje tunasikia ngoma, tunasikia watu wanapishana, tunasikia vigelegele. Muziki. Asanteni kwa kutusikiliza.

Asanteni! Nilitamani niitafute hiyo sauti iliyosema asanteni niizabe kibao.

Basi sisi tuliobaki yatima tukaendelea wenyewe. Tuna kundi letu kwenye simu, tunaitana majirani, kwa sababu wote tunaishi jirani na nyumba ya Mzee Sengo kwa mawazo. Wengine wanapiga soga tu, wengine tunaandika. Tunaandika yale ambayo redio haikutuambia. Mimi jina langu humo ni Dada Mwendelezo. Nyumbani naitwa Zena, na dukani, hapo mjini Masasi ninapochapa barua za watu na kutoa kopi, naitwa "dada wa mashine". Lakini jina ninalolipenda ni hilo la majirani, kwa sababu nilipewa kwa kelele. Kila nikirusha sura, wanajibu neno moja tu: mwendelezo! mwendelezo! Mtu hajamaliza hata kusoma, anataka ya mbele.

Kundi lina sheria moja. Kilichosikika redioni hakifutwi. Unaweza kuandika kilichotokea kabla, kilichotokea baada, kilichotokea uani au ndani ya kichwa cha mtu, popote ambapo redio haikufika. Ila ukimfufua aliyekufa redioni, au ukageuza neno lililosemwa, unafukuzwa. Sheria hiyo naipenda kuliko wote. Wengine wanaiona pingu. Mimi naiona kama kanga ya kushonea. Upana wake unajulikana, sasa onyesha ufundi wako.

Sasa niseme ukweli wangu kuhusu kusoma, maana watu huniuliza nasoma nini mpaka naandika hivi, nami huwa najibu kwa maringo kwamba nasoma vitabu vizito.

Uongo. Nasoma chochote.

Nasoma vitabu vya hadithi vilivyochakaa ambavyo wateja wanaleta nivitolee kopi, na nikiona kinanoga natoa kopi polepole makusudi. Nasoma matangazo ya harusi. Nasoma magazeti yaliyofungiwa maandazi, na mara nyingi habari inakatika pale ilipokolea, kwa sababu nusu ya ukurasa imeondoka na maandazi ya mtu mwingine. Wengine wangekasirika. Mimi naimalizia mwenyewe njiani kurudi nyumbani. Nadhani ndiyo shule niliyosomea kazi hii.

Kitabu kizima nikikipata, naanza na ukurasa wa mwisho. Nimeshagombezwa sana kwa hilo. Lakini mimi nikijua mwisho ndipo natulia, naanza mwanzo nikimwangalia mwandishi kama ninavyomwangalia mtu anayefuma mkeka, nione ule ukindu ameuingiza wapi. Na mchezo wa redio ndio ulionitesa kwa sababu huwezi kufungua ukurasa wa mwisho. Unasubiri kama wote.

Vipande vya Nyumba ya Mzee Sengo nilivirekodi kwenye simu, karibu vyote. Navisikiliza nikifua, nikipika, nikipanga foleni ya maji. Nimevisikiliza mpaka najua ni wapi mwigizaji wa Gimbi anameza mate. Usicheke. Mwandishi wa kishabiki akipuuza kumeza mate kwa mtu, huyo ni mwandishi goigoi.

Kuandika naandika alfajiri, kabla barabara haijaanza kelele za bodaboda, na tena dukani mchana wateja wakipungua. Dukani natumia migongo ya karatasi zilizoharibika kwenye mashine, upande mmoja una cheti cha mtu kilichotoka cheusi, upande wa pili Kassim anamwambia Tunu asilie. Mazungumzo siwezi kuyaandika nimekaa. Nasimama, natembea, naigiza sauti zote. Mwenye duka aliniambia, "Zena, wateja wanaogopa kuingia, wanadhani unagombana na mumeo." Nikamwambia mume sina, bosi, nagombana na Gimbi.

Lakini siri ya kuandika kwangu haiko dukani wala alfajiri. Iko uani kwa Mama Siwema.

Mama Siwema ni jirani yangu wa kweli, wa ukuta kwa ukuta hapa Lisekese. Uani kwake akina mama hukusanyika kubangua korosho. Wanazikaanga, wanajipaka majivu mikononi ili yale mafuta ya maganda yasiwaunguze, wanakaa chini wamenyoosha miguu, kila mtu na jiwe lake na kigongo chake. Ko, ko, ko. Nami nakaa nao nawasomea sura kabla sijairusha kwa majirani wa kwenye simu. Hawanisifii hata siku moja. Akina mama wale ukiwauliza imekuaje wanasema "nzuri" hata kama hawakusikia. Kwa hiyo siwaulizi. Nasikiliza vigongo. Sura ikiwa butu, vigongo vinaendelea kama mvua ya kawaida. Sura ikikolea, kimoja kinanyamaza, kisha kingine. Vikinyamaza vyote, najua nimepata.

Hakuna mhariri hapa Masasi anayeshinda vigongo vile.

Sasa, kilichonitoa roho mwezi huu mzima.

Kwenye kundi yuko mwandishi mwingine anayejiita Kalamu Nyekundu. Ni mwanaume, yuko Mtwara mjini, anaandika vizuri, tena vizuri sana, kwa hilo sitadanganya. Ila ana ugonjwa mmoja, kila anayempenda anamuua. Basi Kalamu Nyekundu akatangaza kwamba ameandika mwisho wa kweli wa Nyumba ya Mzee Sengo. Tunu anaingizwa kwa Gimbi, na usiku wa harusi anakunywa sumu. Akaturushia kipande cha kuonja. Jamani, ni kizuri! Nililia mbele ya mteja aliyekuja kupiga picha ya pasipoti.

Jirani Mkuu, yule anayeliongoza kundi, akasema tumechoka kuning'inia, tuchague mwisho mmoja uwekwe juu ya kundi, na anayetokea baadaye aukute huo. Kama hakuna mwisho mwingine unaofuata sheria, basi Jumapili jioni anauweka wa Kalamu Nyekundu.

Jumapili jioni. Yaani leo.

Nikaona moto unawaka nyumbani kwangu. Mtu mwingine atasema, Zena, si mchezo tu? Aka! Mimi na Tunu tumeishi pamoja tangu nilipofeli kidato cha nne nikabaki nyumbani nikioshea watu vyombo na kujidharau. Jioni zile nilikuwa na redio na Tunu tu. Kaka zangu walipoona sisemi na mtu, Tunu alikuwa anasema kwa niaba yangu. Leo aje kijana wa Mtwara anipe sumu ndani ya kikombe cha chai? Thubutu!

Shida ni ile sheria ninayoipenda. Redioni posa imekubaliwa, tumesikia. Ngoma tumesikia. Vigelegele tumesikia. Ukisema harusi haikuwepo, umefuta. Kalamu Nyekundu alikuwa ameshanizibia kila mlango, na akaniandikia mbele za watu: "Dada Mwendelezo, vigelegele havidanganyi. Ameolewa huyo."

Nikaandika sura ya kwanza ya kumwokoa: Kassim anakuja kumtorosha. Nikaipeleka kwa Mama Siwema Jumapili iliyopita. Ili wakumbuke, nikaanza kwa kurudia ile siku ya posa kama tulivyoisikia, wazee wa Gimbi wamekaa, Mzee Sengo amepokea, mambo yamekwisha.

Vigongo havikunyamaza. Vilianza kucheka. Yaani akina mama ndio walicheka, mmoja mpaka korosho ikamponyoka.

"Zena," Mama Siwema akasema, "huyo binti kaposwa na nani ambaye hakumwita mjomba wake?"

Nikasema redioni mjomba hayupo.

"Hayupo, au hakuitwa?"

Wakaendelea wenyewe, kila mtu na lake, kwamba posa ikipokelewa na baba peke yake hiyo ni barua ya kuazima baiskeli, kwamba mtoto ana upande wa mama, kwamba yeye Mama Siwema wakati wa kuposwa wazee walikaa kutwa nzima na njaa wakimsubiri mjomba atoke shambani. Mimi nimekulia hapa mjini, baba yangu ni mwalimu wa dini kanisani, mambo ya nyumbani kwetu yalikwenda kwa sauti ya baba. Nimesikiliza vipande vyote vya mchezo ule, nimejua mpaka anayemeza mate, na sikuwahi kujiuliza mjomba wa Tunu yuko wapi. Waliouandika huko mjini nao hawakujiuliza.

Hiki kilikuwa kitundu kwenye ukuta! Redio haikusema mjomba alikubali. Redio haikusema mjomba alikufa. Haikumtaja kabisa. Nikimwingiza, sijafuta neno.

Lakini vile vigelegele bado vilikuwepo, vimekaa mlangoni kama askari. Na mimi sijui mjomba aliyerukwa anafanya nini. Anapiga watu? Analia? Anaenda mahakamani? Wiki nzima niliandika nikafuta. Mjomba wangu wa kwenye karatasi alizungumza kama mwalimu wa uraia. Ijumaa nilikata tamaa kiasi kwamba nilianza kusoma tena kile kipande cha sumu nikijizoeza msiba.

Jana Jumamosi nikaomba ruhusa dukani, nikapanda gari la Newala. Kule Chilangala ninaye mjomba wangu halisi, kaka wa mama yangu, baba yake binamu yangu Hawa. Nikajisemea, badala ya kubuni mjomba, si nikamwone mjomba?

Newala ilikuwa na ukungu wake wa msimu huu, baridi inaingia mpaka kwenye meno. Bodaboda alinishusha nyumbani kwa Mjomba nikiwa natetemeka. Nikamkuta amevaa nguo za shamba zimejaa unga wa salfa, anahangaika na mota ya kupulizia mikorosho dawa hiyo, iliyogoma kuwaka, anaitukana kwa Kimakonde matusi ambayo siwezi kuyaweka hapa kwa sababu mama yangu anasoma blogu hii.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Mzima mama yako?"

"Mzima. Mjomba, nimekuja na jambo. Tunu ameozeshwa na baba yake kwa mtu asiyemtaka, na posa imepokelewa bila mjomba kuitwa."

Hapo ndipo nilipokosea. Mimi nimezoea kuzungumza na majirani wanaomjua Tunu. Nilianzia katikati, kama ninavyozoea kufungua vitabu.

Mjomba aliweka mota chini.

"Tunu ni wa nani? Wa dada yako mkubwa?"

Kabla sijajibu, alishaingia ndani. Nasikia anauliza koti lake liko wapi. Nasikia anamwambia mkewe, Mama Hawa, kwamba kuna mtoto anaozwa huko Masasi kama kuku wa mnada na yeye yuko hapa na salfa mwilini. Mama Hawa naye hakuuliza swali hata moja, alishika kanga ya pili akajifunga kiunoni. Mimi niko uani nasema, Mjomba, ngoja, Mjomba, hakuna anayenisikia. Akatoka. Amenawa uso, amevaa kanzu, juu yake koti la suti, kofia imenyooka. Salfa bado iko masikioni.

Mama Hawa alipomwona amependeza vile, akaona hawezi kuvumilia. Akaachia kigelegele cha utani, kirefu, kikapasua ule ukungu. Jirani wa upande wa pili bila kujua kuna nini akamjibu na chake. Na mwingine kule mbele akadakia.

Nilikaa chini.

Vigelegele!

Tulivyosikia redioni havikuwa vya bwana harusi. Nani aliyetuambia ni vya bwana harusi? Tunu yuko chumbani analia, nje kuna ngoma, kuna watu wanapishana, halafu vigelegele. Ni akina mama wa upande wa mama yake wanaingia, na mbele yao ametangulia mjomba! Hakuna kilichofutwa. Sauti ni ile ile, tumesogea tu kutoka chumbani kwa Tunu tukatoka nje kuangalia ni nani wamefika.

Nikaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Mjomba akadhani nimechanganyikiwa kwa ajili ya huyo Tunu, akasema twende upesi. Ikabidi niseme.

"Mjomba, nisamehe. Tunu ni mtu wa redioni. Ni mchezo. Mimi naandika mwendelezo wake."

Alinitazama. Alimtazama Mama Hawa. Akaitazama ile mota chini. Nilijua sasa matusi yanahamia kwangu.

"Wa redioni hana mjomba?" akauliza.

"Hawajamtaja."

"Ndiyo maana wamemwonea."

Akavuta kigoda akakaa, na koti lake vile vile. Halafu kwa hasira ile ile, isiyopungua hata kidogo, akaniambia angefanya nini. Asingepiga kelele. Angefika akae pale uani, mbele ya watu wote, na angekataa chakula. Wangemletea maji, angekataa maji. Wangemletea kiti kizuri zaidi, angebaki kwenye kile kibaya. Mpaka watu wenyewe wangeanza kunong'ona, ngoma ingepungua, na Mzee Sengo angelazimika kuja kumuuliza, shemeji, kulikoni? Hapo ndipo angesema neno moja: mimi nimekuja kusikia habari ya posa. Kama bado hamjaileta, basi nasubiri.

"Basi?" nikauliza.

"Unataka niseme nini tena? Hapo nani atafunga ndoa, na mjomba mtu kakaa pale hajala?"

Mama Hawa alikuwa akichambua mboga, anacheka chini chini, hasemi kitu. Mimi nilikuwa naandika kwenye simu mpaka kidole kinauma. Nilipomaliza Mjomba akaniuliza huyo mjomba wa kwenye hadithi nimempa jina gani. Nikasema bado sijampa.

"Niandike mimi," akasema. "Asije akaonekana mtoto hana watu."

Nimeandika alfajiri yote ya leo. Sikufuta mstari. Mjomba amekaa uani kwa Mzee Sengo, amevaa kanzu na koti, na masikioni mwake kuna salfa ya njano, kwa sababu aliondoka shambani mbio. Hiyo salfa isingewahi kunijia nikiwa nimekaa dukani.

Asubuhi nikaenda kwa Mama Siwema. Nikaanza na vigelegele, nikawatoa nje, nikamwonyesha mjomba anaingia. Kigongo kimoja kikanyamaza. Alipokataa maji, vikanyamaza vingi. Alipobaki kwenye kile kiti kibaya, nikainua macho, na uani pale kulikuwa kimya kabisa, akina mama na majivu yao mikononi wananitazama mdomoni. Korosho zilikuwa zinapoa.

Mama Siwema peke yake ndiye aliyesema, tena kwa sauti ya chini. "Asile. Akila tu, wamemmaliza."

Nikarusha kwa majirani. Jamani, sina maneno. Simu ilitetemeka mpaka ikasogea yenyewe juu ya meza. Mwendelezo! Mwendelezo! Mmoja kutoka Nachingwea ameandika kwamba naye mjomba wake hakuitwa na sasa anafikiria upya ndoa yake, natumaini anatania. Jirani Mkuu akauliza kama kuna mwenye pingamizi la sheria. Wote tukamsubiri Kalamu Nyekundu. Tukaona anaandika. Anaacha. Anaandika tena. Nilikuwa nimeshika ukuta.

Akaandika: "Nimerudia kusikiliza kipande cha mwisho. Dada Mwendelezo, umeniweza. Haijasikika ndoa ikifungwa. Nimeimwaga sumu."

Nilipiga yowe! Mama Siwema akachungulia ukutani kuuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, leo hakuna anayekufa!

Sura imewekwa juu ya kundi saa kumi hivi jioni. Nikampigia Mjomba kumpa taarifa kwamba ameshinda. Akafurahi, lakini furaha ya Mjomba ni ya kununa. Nikamwambia sasa Gimbi amekwama, kwa hiyo sura inayofuata namleta Kassim aoe, watu wafurahi.

"Kassim ndiye nani?"

"Fundi redio, Mjomba. Ndiye anayempenda."

"Na yeye mbona hajaja kwangu?"

Nikacheka mpaka machozi. Nikaanza kumweleza kwamba Kassim ni kijana mzuri, mpole, mchapakazi, ndiye anayemfaa kabisa Tunu, nikaeleza na nyumba watakayojenga, maana yote hayo nimeshayaandika zamani kwenye migongo ya makaratasi yangu. Katikati ya maelezo nikasikia simu inanyang'anywa kule upande wa pili. Alikuwa Mama Hawa, ambaye jana kutwa nzima hakuniambia neno zaidi ya karibu na chakula.

"Zena mwanangu," akasema, "na yeye Tunu mwenyewe anasemaje?"

Nikamwambia nitampigia baadaye.

Nimekaa hapa mlangoni tangu simu ile ikatike, nawaza. Vipande vyote vile vya redio. Baba yake amesema. Gimbi amesema, na kucheka. Kassim amesema mashairi. Kalamu Nyekundu alimpa sumu, mimi nikampa mjomba, na kabla mjomba hajanyanyuka kitini nilishampa mume. Akina mama wamesema, kundi zima limesema. Tunu analia tu. Nimerudia kusikiliza sasa hivi, nimepitia rekodi moja baada ya nyingine nikitafuta mahali alipoulizwa anataka nini.

Hakuna.

Hakuna redioni, na hakuna kwenye kurasa zangu. Mimi ambaye ndiye nasema huyu ni mwenzangu.

Ajabu ni kwamba sisikii uchungu. Nasikia moyo unanidunda kama siku ile ya kwanza nilipoandika sura nikaona naweza. Ile nyumba nzima niliyodhani naijua ina chumba ambacho hakuna aliyewahi kukifungua, si redio wala sisi majirani, na sheria hainikatazi kuingia! Majirani wanapiga kelele za mwendelezo, Mjomba anamsubiri Kassim na maelezo yake, Mama Siwema ametuma mtu kuuliza kama yule mzee bado hajala. Wote wasubiri kidogo.

Nimechukua karatasi moja iliyoharibika. Nimewatoa watu wote uani kwa Mzee Sengo, nimezima ngoma, nimefungua mlango wa chumba. Nimeandika mstari mmoja tu: Tunu alifuta machozi, akasema.

Haya Tunu. Sema, mwenzangu, nakusikiliza. Unataka nini?